Mwalimu Daudi Alisaini

Jumapili, mwezi wa saba. Baridi ya kweli. Mlima Meru haujaonekana tangu juzi, wingu limeukalia na halina mpango wa kuondoka. Nimevaa sweta juu ya sweta na bado vidole vya miguu vinalalamika.

Shajara, leo nina mambo mawili, na yameshikana, kwa hiyo nivumilie. Moja ni aibu na jingine ni udadisi. Nikianza na udadisi nitakuwa najificha, nakujua na najijua.

Ijumaa nilisaini.

Kwa msomaji anayepita hapa kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya binafsi, nje kidogo ya mji wa Arusha. Majina yote humu nimeyabadilisha. Jumanne, mwalimu wetu wa nidhamu alimchapa msichana wa kidato cha pili, nitamwita Neema, kwa kosa la kuchelewa kutoka bombani. Alimchapa mgongoni, na Neema alipoinua mkono kujikinga, fimbo ikampata kwenye kiganja na mfupa ukavunjika. Mimi nilikuwa dirishani, ofisi ya walimu, nimeshika kikombe cha chai. Niliona tangu fimbo ya kwanza. Nilichofanya ni kuweka kikombe chini taratibu, kana kwamba kikombe ndicho kingeleta matatizo.

Mama yake Neema akaja kulalamika. Uongozi ukajibu kwamba mtoto aliteleza mwenyewe na sasa anamsingizia mwalimu. Jumatatu, yaani kesho, bodi ya shule inakaa. Wakiridhika kwamba amesingizia, Neema anafukuzwa.

Ijumaa Mkuu akatuita mmoja mmoja, sisi tuliokuwa ofisini siku ile. Karatasi ilikuwa imeshachapwa: tulimwona mwanafunzi akiteleza kwenye saruji ya bombani na kuangukia mkono. Wenzangu wawili walikuwa wameshasaini, mmoja kwa kalamu ya kijani, sijui kwa nini hilo limenikaa kichwani. Ningependa kukuambia kwamba Mkuu alinitisha. Hakunitisha. Aliuliza presha ya mama inaendeleaje. Akasema mkataba wangu ameuona mezani, unaisha Desemba. Akasema sisi ni familia, tusitiane mchanga kwenye kitumbua. Kisha akanisogezea kalamu.

Nikaandika jina langu vizuri, herufi zimenyooka kama za ubaoni. Nikamshukuru.

Nilimshukuru, jamani.

Njiani kurudi nyumbani nikawa najiambia kwamba sijafanya jambo la mwisho, kwamba bado nafasi ipo, kwamba wikiendi nitajipanga. Neno hilo "nitajipanga" likumbuke, linarudi.

Sasa udadisi.

Mimi nimezaliwa na kukulia Ngarenaro. Nyuma ya karakana ya kuchomelea mageti kulikuwa na banda la video la Mzee Rajabu. Mbao, gunia jeusi mlangoni, mabenchi, televisheni moja juu ya kabati, na pembeni ya televisheni kiti cha Mzee Rajabu mwenyewe na kipaza sauti chake. Filamu zilikuwa za nchi za watu, lugha za watu. Yeye anapunguza sauti ya filamu na kutusimulia kwa Kiswahili, anaigiza sauti zote, bibi, askari, mtoto mchanga, mpaka mbwa. Tulimwita Mkalimani. Kumbe lugha zenyewe alikuwa hazijui. Asubuhi anaiangalia filamu peke yake, anaamua nani ni nani, anawapa majina, na jioni anatuletea hadithi. Kama filamu ilikuwa na mambo ambayo hakuyaelewa, anaweka ya kwake.

Kulikuwa na moja ambayo jina lake hatukuwahi kulijua. Sisi tuliiita "ile ya Mwalimu". Wanajeshi wameingia kijijini, wanawatafuta vijana waliokimbilia porini. Wanamkamata mwalimu wa shule, mtu mwembamba mwenye kofia. Mkalimani alimpa jina la Mwalimu Daudi. Wanamweka mezani, wanampa karatasi yenye majina ya wale vijana, wanamtaka athibitishe kuwa ndio. Nayasikia maneno ya Mkalimani mpaka leo: "Afande anampa kalamu. Mwalimu Daudi anaipokea. Msidhani anaogopa, anafikiri. Haya, anainama. Anaandika. Anaandika nini? Anaandika: mimi, sisaini."

Mabenchi yalikuwa yanapigwa mpaka vumbi linapanda.

Likawa neno la mtaa wetu. Mama akikutuma dukani, sisaini. Ukiambiwa uoge kwa maji baridi mwezi kama huu, sisaini. Lakini nilipokuwa mkubwa neno lilibaki na mimi kwa namna nyingine. Nilipokuwa chuoni na mhadhiri mmoja akaanza kuniita ofisini kwake jioni jioni, nilimwona Mwalimu Daudi na kofia yake, nikaacha kwenda, na somo lile nikalirudia mwaka uliofuata kwa hiari yangu. Nafundisha fasihi kwa sababu ya banda lile. Kila mwaka nikifika kwenye mada ya ukandamizaji na ujasiri wa wahusika, kabla ya kufungua vitabu, nawasimulia wanafunzi habari za Mwalimu Daudi. Mwaka huu niliisimulia kidato cha pili, mwezi wa tatu, na aliyenyoosha mkono kuuliza swali alikuwa Neema. Aliuliza kama Mwalimu Daudi alikuwa na watoto. Nikamwambia filamu haikusema, akasema basi ilikuwa rahisi kwake. Darasa likacheka. Mimi nikaandika swali lile kwenye daftari langu kwa sababu lilinipendeza.

Basi Ijumaa, baada ya kusaini, nikataka kumwona Mwalimu Daudi. Sijui nilitaka nini hasa. Nadhani nilitaka anisute. Jumamosi nzima nikawa kwenye simu natafuta: mwalimu, wanajeshi, kofia, mbuzi mweupe anayepita mlangoni wakati wa mahojiano. Mbuzi ndiye aliyeniokoa, kuna mtu mmoja huko mtandaoni alimtaja. Nikaipata filamu, ina maandishi ya Kiingereza chini. Nikatengeneza chai ya tangawizi, nikakaa.

Anasaini.

Nilirudisha nyuma mara tatu. Afande anampa kalamu, anainama, mkono unatetemeka, anasaini. Anaandika jina lake tu. Vijana wanakamatwa. Na yote yaliyofuata niliyokuwa nayakumbuka yalikuwepo, picha ni zile zile, ila maana yake imegeuka. Wanajeshi wanamwacha aende zake: sisi tuliambiwa wameogopa msimamo wake. Wanakijiji wanampa mgongo sokoni: sisi tuliambiwa wanaona aibu kumtazama usoni shujaa waliyemtilia shaka. Mwishoni amesimama darasani na madawati yako matupu: tuliambiwa shule zimefungwa.

Shule zimefungwa! Nilicheka peke yangu mpaka jirani akagonga ukuta.

Na sasa ungamo la pili, shajara, ambalo ni baya kuliko la kwanza. Nilipomaliza kucheka nilijisikia nafuu. Nilijisikia vizuri kabisa. Nikasema kumbe hata yeye. Nikala ugali wangu wote na nikalala usingizi mnono. Ni asubuhi ya leo, napiga mswaki, ndipo swali liliponiingia na kukataa kutoka: Mzee Rajabu alikuwa anajua? Alikosea, au alitudanganya? Mimi nina kiherehere cha kuzaliwa, swali likinikaa hivyo siwezi kula.

Dada yangu Zuhura ndiye aliyejua kwamba Mzee siku hizi anaishi kwa binti yake huko Nduruma, banda lilishabomolewa siku nyingi. Nikapanda bodaboda. Vumbi la huko mwezi huu sikusimulii, nilifika nimekuwa mwekundu hadi kope.

Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Amepungua, ila sauti ni ile ile, na ajabu ni kwamba hawezi kuiacha kazi. Kuku walikuwa wananyemelea mahindi na yeye anawasimulia chini chini: adui anakaribia, hajui kwamba nyuma ya ndoo kuna mtu. Nikamwamkia, shikamoo babu. Akaitikia, marahaba, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamwambia wa Mama Zuhura, yule wa chapati. Akanitazama usoni, akasema, "Wewe ndiye uliyekuwa unalia mbwa akifa." Ni kweli, nilikuwa mimi.

Akanisogezea kigoda na magunzi mawili matatu ya mahindi. Kwa hiyo mahojiano yangu yote niliyafanya huku napukuchua.

Nikamwambia nimeiona ile ya Mwalimu, yenyewe, na kwamba yule mtu anasaini. Nikamuuliza kama ni lugha ndiyo iliyompiga chenga.

"Kusaini hakutaki lugha, mwanangu," akasema. "Nilimwona asubuhi ile ile, peke yangu, kabla hamjaja. Niliuona mkono unavyotetemeka. Naujua mkono ule."

Kisha akaendelea na mahindi. Nilidhani ndiyo imetoka hiyo. Nikamwacha. Ualimu umenifundisha jambo moja, kwamba ukiuliza swali kubwa, usikimbilie kuuliza la pili.

Akaniambia kwamba kabla ya banda alikuwa kibarua kiwandani, Themi, kiwanda chenyewe kilishakufa. Alikuwa na rafiki yake kwenye mashine, Elisante, Mmeru wa juu huko mlimani, Mlutheri safi, mtu asiyeonja hata pombe ya mbege kwenye harusi. Mashine ilikuwa mbovu, wote wanajua, na siku moja ikamchukua Elisante mkono wa kulia. Ofisi ikaandika kwamba alikuwa amelewa. Wakahitaji shahidi wa kusaini. Mzee Rajabu alikuwa na watoto watatu.

"Nikasaini," akasema. Akalirusha gunzi kwenye kapu. "Elisante akaondoka mikono mitupu. Mkono mmoja, nami nimesema mikono."

Aliposahihisha vile hakutabasamu, na mimi sikujua niangalie wapi. Nikaangalia kuku.

Baadaye kiwanda kikapunguza watu, yeye akafungua banda. Na nadhani umeshakisia nani alikuwa anakuja kila Jumamosi. Elisante. Benchi la mbele, pembeni kulia. Nikamkumbuka hapo hapo, mtu mwenye koti lililofungwa pini kwenye mkono, sisi watoto tulikuwa tunampenda kwa sababu alikuwa anatukalisha mapajani tuone vizuri. Mzee Rajabu hakuwahi kumtoza kiingilio, na hawakuwahi kuzungumza habari za kiwanda. Hata siku moja.

"Sasa ile filamu inafika pale," akasema. "Kalamu ile, karatasi ile. Elisante amekaa hapa, kama wewe ulivyokaa. Nifungue mdomo niseme anasaini? Mdomo ulikataa. Nikasema lililokuja."

Lililokuja ni "sisaini".

Kwa hiyo nimekaa na jambo hili tangu mchana, nalipindua huku na huku. Neno lililonitoa ofisini kwa mhadhiri yule, ninalowafundisha watoto kama mfano wa ujasiri, lilitoka kwenye kinywa cha mtu aliyekuwa anaona aibu kusema kweli mbele ya rafiki yake. Lilikuwa woga wa pili juu ya woga wa kwanza. Na bado lilinisaidia. Hilo nalifanyaje? Kwenye mitihani nauliza "fafanua ujasiri wa mhusika mkuu", na watoto wananiandikia kwamba jasiri ni mtu asiyeogopa, nawapa vema, naendelea. Sijawahi kuuliza ujasiri wa msomaji unatoka wapi, wala kama chemchemi yake lazima iwe safi. Na kuna jambo jingine linalonisumbua: kwenye kila kitabu na kila filamu sote tunakaa upande wa anayekataa. Sijawahi kukutana na mwanafunzi aliyesema, Madamu, mimi ni yule karani wa ukurasa wa arobaini anayepiga muhuri na kwenda kula. Mimi mwenyewe sijawahi. Nimesoma vitabu vyote hivyo na sijawahi hata mara moja kujitafuta pale.

Nilimuuliza Mzee kama Elisante aliielewa picha. Akasema hajui. Siku ile alicheka na kupiga benchi kwa mkono uliobaki kama watu wote. Walipokuwa wanatoka, akasimama pale kwenye gunia, akamwambia, "Rajabu, umeitafsiri vizuri." Mzee anasema amelipindua neno hilo kila upande na mpaka leo hajui lilikuwa la shukrani au la kumsuta.

"Hukumuuliza?"

"Nilikuwa najipanga."

Akasema alijipanga miaka kumi na moja. Alikuwa na maneno kabisa, ameyaweka tayari, anasubiri Jumamosi nzuri. Kisha akaletewa habari za msiba. Alikwenda kuzika, huko juu mlimani, akasimama nyuma na watu wasiojulikana, na mjane akamkaribisha chakula kama mgeni wa kawaida.

Hakunipa ushauri. Wala sikumwambia habari zangu, ingawa nilikuwa nimejiandaa kumwambia. Nilimaliza gunzi langu, nikaaga, akanifungia mahindi ya kuchemsha ya njiani. Nikafika barabarani nasubiri bodaboda, nikajisikia nasema kwa sauti, peke yangu, kwamba jioni nitakaa chini nijipange.

Nikatoa simu hapo hapo.

Mimi ndiye mwalimu wa darasa la Neema, namba ya mama yake ninayo. Aliitikia mlio wa pili. Tukasalimiana, nikauliza mkono wa mtoto, akasema wamefunga plasta, maumivu yamepungua, nashukuru umepiga, Madamu. Nikamwambia Jumanne nilikuwa dirishani, niliona.

"Tunajua, Madamu," akasema. "Neema alikuona na kikombe chako. Alisema, mama usiogope, Madamu alikuwepo, na yule Madamu hawezi kusaini."

Shajara, nilikaa chini. Kwenye vumbi, na sketi yangu.

Ningeweza kunyamaza. Nataka niliandike hili kwa sababu ndilo nililokuja kuliandika: hata pale, nimeshapiga simu, nimeshaanza, bado kuna sauti ndani yangu iliyosema kata simu, kesho utarekebisha kimyakimya, kwa nini waumie bure. Ilikuwa sauti nzuri, ya upole, kama ya Mkuu akiuliza presha ya mama.

Nikamwambia, "Mama Neema, nilisaini. Ijumaa. Nimesaini kwamba aliteleza. Kesho nakwenda mbele ya bodi kusema si kweli, lakini nilisaini."

Nikasikia kuku wa kwao.

Kisha akasema kwamba simu iko kwenye spika, kwamba Neema yuko hapo, amesikia.

Ikaja sauti ya Neema, mbali kidogo na simu, kama anavyoulizaga darasani. Hakuniuliza kwa nini. Aliuliza, "Madamu, utasema na yeye akiwepo?" Yeye ni mwalimu wa nidhamu. Nikasema nitasema akiwepo.

"Haya," akasema.

Hiyo tu. Sikupata zaidi ya hiyo, na sidhani nilistahili zaidi. Mama yake akasema watakuwa getini saa mbili asubuhi, tuingie pamoja, kisha akakata.

Sasa ni jioni, wingu bado liko pale pale. Sketi nimeifua na kuikausha kwa pasi. Mkataba sijui itakuwaje, na mama sijamwambia, atajua kesho na presha yake tutaibeba pamoja. Nimeandika maelezo mapya kwa mkono, ukurasa mmoja: nilichokiona, nilikuwa wapi, nilinyamaza, kisha nikasaini uongo Ijumaa. Nimeyasoma kwa sauti mara nne, kama Mzee Rajabu na filamu zake za asubuhi, nihakikishe safari hii maneno na picha vinafanana.

Chini nimeweka saini. Ile ya Ijumaa ilinyooka vizuri sana. Hii imepinda, imetetemeka, inaonekana kama ya mtu mwingine. Nilitaka kuandika upya, karatasi ninazo, kisha nikaiacha ilivyo.